Baada ya kunawa uso: gliserini au mafuta ya nazi?

Ukianza kuutunza uso upya, swali hili halikukosi. Kwa bei havipishani sana: chupa ndogo ya gliserini ipo karibu kila duka la dawa, na mafuta ya nazi unaweza kupika mwenyewe ukiwa na muda.

Vinapoachana ni kwenye kazi. Gliserini huvuta maji, mafuta huyazuia yasitoke. Ndiyo maana gliserini ikipakwa tupu hunata na kushika vumbi. Mimi hutia matone mawili kiganjani, nayachanganya na maji, kisha napaka uso ungali na unyevu. Kwa ngozi iliyopauka hadi inavuta ukicheka, hapo mafuta ya nazi yanashinda. Lakini kama una chunusi, tafadhali yaache kwa nywele na mwili, maana huziba vinyweleo.

Kutunza, gliserini haisumbui. Mafuta ya nazi uliyopika mwenyewe nyumbani yakibaki na maji huanza kunuka, na chini ya nyuzi 24 hivi huganda: Tanga yanamiminika, Arusha mwezi wa Julai unayachokonoa kwa kijiti.

Kwa hiyo mwenye uso wa mafuta aanze na gliserini. Mwenye ngozi kavu anayeishi kwenye baridi ajaribu mafuta, usiku. Jaribu kwanza chini ya taya siku chache, na usibadili sabuni wiki hiyohiyo, usije ukashindwa kujua kilichokuwasha. Kinga ya jua tafuta kando, kwani hakuna kati ya hivi inayoitoa vya kutosha.