Wiki 12 za kujifunza seva Dodoma: nilicholipia na nilichopata

Kwa miaka sita nilikuwa afisa TEHAMA msaidizi kwenye taasisi moja ya mikopo hapa Dodoma mjini. Kazi yangu ilikuwa printa, kompyuta zilizogoma kuwaka, na watu waliosahau neno la siri. Seva, ile kompyuta kuu inayohudumia ofisi nzima, ilikaa chumba cha nyuma na funguo zake alikuwa nazo fundi wa mkataba. Ilipotangazwa nafasi ya meneja wa TEHAMA mahali pengine niliomba, nikaitwa kwenye usaili, na swali la tatu likanimaliza: "Tueleze seva ulizowahi kuzisimamia." Sikuwa na hata moja. Digrii ninayo, lakini Dodoma ya sasa digrii si kitu cha kukutofautisha na mwenzako. CIVE, chuo cha TEHAMA pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), inatoa wahitimu kila mwaka, na tangu wizara zihamie mji wa serikali wa Mtumba waombaji wanakuja kutoka kila kona ya nchi.

Nikaamua kulipia kozi. Kituo sitakitaja, kwa sababu nina lawama nacho pia. Ada ilikuwa shilingi 650,000, nikalipa kwa awamu mbili. Tulisoma wiki 12, Jumatano jioni baada ya kazi, na Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Tulikuwa 11 darasani, wanawake wawili.

Wiki nne za mwanzo zilikuwa za kawaida. Tulianza na Ubuntu Server, mfumo endeshi wa aina ya Linux, skrini nyeusi isiyo na cha kubonyeza: kufungua akaunti za watumiaji, ruhusa za mafaili, kuingia kwenye seva ukiwa mbali kwa SSH kwa kutumia funguo za kidijitali badala ya neno la siri, kusoma logi, yaani kumbukumbu za matukio ya seva. Kisha Windows Server: Active Directory (orodha kuu ya watumiaji na maneno yao ya siri), DNS (inayogeuza majina ya kompyuta kuwa namba) na DHCP (inayogawa namba hizo). Vyote tulivifanyia ndani ya VirtualBox, kompyuta ndani ya kompyuta. Hakuna cha kununua hapo. Ubuntu ni bure na matoleo yake ya muda mrefu (LTS) hupata masasisho ya usalama kwa miaka 5, na Microsoft hutoa Windows Server ya majaribio ya siku 180. Mwalimu alieleza vizuri, ila mtu mwenye bando na uvumilivu angeweza kuyasoma hayo nyumbani. Kama kozi ingeishia pale, ningesema usipoteze hela yako.

Kuanzia wiki ya tano ndipo zilipokuja Jumamosi za kuharibu. Mwalimu alikuwa anafika mapema kabla yetu, anaingia kwenye mashine zetu na kuharibu kitu. Sisi tukifika anasema, "Ofisi imefunguliwa, watu hawafanyi kazi," halafu anakaa kimya. Tuna saa mbili. Ukitengeneza, hujamaliza. Unatakiwa kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili unaomweleza mhasibu mkuu, mtu asiyejua kompyuta, ni nini kimetokea, nani ameathirika, umefanya nini, na kifanyike nini kisijirudie.

Ya kwanza sitaisahau. Mfumo ulikataa kuhifadhi chochote na kudai diski imejaa. Nikaandika df -h, amri ya kuangalia nafasi ya diski, ikaonyesha karibu nusu ya diski ni tupu. Nilihangaika zaidi ya saa nzima, nikaizima na kuiwasha mara tatu. Kijana aliyekaa kando yangu akaandika df -i, na hapo ikaonekana: inodi, yaani nafasi za kuandikishia mafaili, zimeisha, asilimia 100. Mwalimu alikuwa ametengeneza mafaili madogo mno, mamia ya maelfu, kwenye folda moja. Ripoti yangu ya siku ile ilirudi na wino mwekundu kwenye neno inodi, na pembeni ameandika: "Mhasibu afanye nini na sentensi hii?" Nikaandika upya nyumbani usiku. Nikaeleza kwamba kabati lina nafasi, lakini rejista inayoandikwa majina ya mafaili imejaa mstari wa mwisho, kwa hiyo faili jipya halina pa kuandikishwa. Nikaomba tuwe tunakagua rejista hiyo kila wiki pamoja na nafasi ya diski. Ile ya pili ilipita.

Jumamosi nyingine seva ya Linux tuliyokuwa tumeiunganisha na Active Directory ilikataa kila mtu asiingie, na maneno ya siri yalikuwa sahihi. Tulikagua waya, swichi, DNS, tukarudia. Kumbe saa ya seva ilikuwa imesogezwa mbele dakika 9. Kerberos, inayothibitisha kwamba mtu ni yeye, kwa kawaida inavumilia tofauti ya dakika 5 tu, ili mtu aliyedaka tiketi ya kuingilia ya mwenzake njiani asiitumie baadaye. Sikuwahi kufikiri saa tu inaweza kufunga ofisi nzima.

Jumamosi iliyonibadilisha zaidi ilikuwa ya bekapu, yaani nakala za akiba. Mwalimu alitupa seva ambayo kila siku saa saba usiku cron, programu ya kazi za ratiba, inanakili kanzidata kwenda diski ya nje. Logi zote zilisema imefaulu. Kisha akafuta kanzidata na kusema irudisheni. Diski ya nje tuliikuta haina nakala ya karibuni hata moja. Ilikuwa imechomoka kwenye mfumo wiki kadhaa nyuma, folda yake ikabaki pale pale, na nakala zote zilikuwa zinaandikwa kwenye diski ile ile ya seva, ambayo mwalimu alituambia tuihesabu imekufa. Darasa lilinyamaza. Mimi niliwaza taasisi yangu, akina mama wa sokoni wanaoleta marejesho yao kila Ijumaa, na kwamba katika miaka sita sikuwahi kumsikia mtu yeyote akijaribu kurudisha bekapu.

Sasa lawama. Mashine zilikuwa 7 kwa watu 11, na mwenye kidole chepesi ndiye anayejifunza, mwingine anatazama. Umeme ukikatika hakukuwa na jenereta, tulipoteza Jumatano mbili nzima na hazikufidiwa. RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa kazi iendelee, tulifundishwa ubaoni tu kwa sababu seva halisi yenye diski za kuchomoa haikuwepo. Tangazo lilitaja vyeti vya kimataifa, lakini ada ya mtihani unajilipia mwenyewe. Cheti cha Linux cha LPIC-1, kwa mfano, kina mitihani miwili, 101 na 102, na kila mmoja una ada yake. Uliza jambo hili kabla hujatoa hela. Tulipolalamika, ofisi ilituambia "imeandikwa maandalizi ya vyeti," na kweli ilikuwa imeandikwa, kwa herufi ndogo chini.

Kwa hiyo nilinunua kompyuta ya mezani iliyotumika, RAM GB 16, shilingi 380,000, nikaiweka chumbani Nkuhungu na UPS ndogo, betri ya kushika umeme ukikatika. Niliifungia diski mbili kwa RAID 1, ambapo kila diski inabeba kitu kile kile, nikachomoa waya wa diski moja nikiwa nimeizima, nikawasha, ikaendelea kufanya kazi. Kisha nikairudisha ile diski, zikalingana tena, nikafuta faili kwa makusudi na likapotea kote kuwili. Pale nikaelewa kwa mikono yangu kwamba RAID si bekapu. Baada ya miezi miwili niliifungua nikakuta vumbi limeziba feni kabisa. Na nyie mnaokaa huku mnajua upepo wa Agosti. Mume wangu alilalamikia kelele wiki ya kwanza, baadaye akawa ndiye anayeniuliza, "Leo umevunja nini?"

Miezi mitano baada ya kozi niliitwa kwenye usaili mwingine. Waliuliza: saa nne asubuhi seva imezima, wateja wamejaa dirishani, dakika kumi za kwanza unafanya nini? Kabla ya Jumamosi zile ningeanza na waya. Nikajibu kwamba kwanza ninampigia meneja wa tawi na keshia mkuu, risiti za karatasi zitoke, mtu mmoja awe wa kutoa taarifa na mwingine aguse seva. Nikawaambia pia ningekuwa nimeshakubaliana na uongozi mambo mawili kabla ya ajali: tunaweza kukaa muda gani bila mfumo, na tunakubali kupoteza kazi ya saa ngapi. Nilikuwa na folda yenye ripoti zangu saba. Mmoja wa wasaili, mama mtu mzima wa fedha, aliisoma ile ya rejista mpaka mwisho, akaipitisha kwa aliyekaa kulia kwake.

Kulikuwa na maswali ambayo kozi haikunigusia kabisa: bajeti, manunuzi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo kwa mtu anayetunza majina, simu na madeni ya watu ni lazima aijue. Hiyo niliisoma mwenyewe. Ukitaka umeneja usisubiri mwalimu wa seva akufundishe hayo.

Kazi niliipata, nina mwezi wa nne sasa. Siku ya tatu niliomba turudishe faili moja tu kutoka kwenye bekapu. Ilichukua siku mbili kwa sababu neno la siri la bekapu alikuwa nalo mtu aliyekwishaacha kazi. Sasa tunarudisha faili moja kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na ukurasa mmoja unakwenda kwa mhasibu mkuu.

Ukienda kujiandikisha kozi kama hii, ulizia kama Jumamosi za kuharibu zipo, na kama mwalimu anasoma ripoti moja moja. Zikiwa zipo, lipa. Kama hazipo, mimi nisingetoa hata laki moja.