Nilienda kuona mikokoteni, nikarudi na habari za Bibi Jane

Mnaoishi Utah au mnakuja kutembea Salt Lake, hii nawaandikia nyie. Miaka mitatu nimekaa hapa, kila nikipeleka watoto Hogle Zoo naona lile geti la ng'ambo ya barabara, This Is the Place Heritage Park, napita zangu, maana nilijua ni mambo ya Wamormoni, lile dhehebu lililoanzisha mji huu, na mimi sio Mmormoni.

Aliyenishawishi ni mzee mmoja mzungu tunafanya nae kazi stoo. Huyu mzee bibi ya bibi yake alikuja hapa akivuta mkokoteni, na mzee anamjua utadhani walilala chumba kimoja, alipanda meli gani, alitembea na kundi lipi, alizika nani njiani. Nyumbani kwake watoto wakilalamika chakula wanatajiwa huyo bibi. Nikamwambia mzee mimi wa kwetu nyuma ya babu yangu sijui jina hata moja, akasema basi nenda pale kaone.

Nikaenda na dada mmoja Mkongo jirani yangu, na watoto wake watatu na wangu wawili. Pale ndo bonde la Emigration Canyon linapofunguka, Brigham Young, kiongozi wa Wamormoni, alitokezea hapo na watu wake tarehe 24 Julai 1847, mpaka leo siku hiyo ni sikukuu Utah nzima. Ndani ni kijiji cha zamani, kuna mhunzi anafua chuma mbele yenu, farasi, nyumba za mbao, na treni ndogo ambayo watoto wetu waliigeuza daladala, hawashuki. Vaeni raba jamani, mimi nilivaa ndala nikajuta.

Mikokoteni nilitaka kuiona kwa macho. Kati ya 1856 na 1860 watu karibu 3,000 waliivuta kwa mikono kuja huku, na makundi mawili ya mwaka 1856 yalichelewa kuondoka, theluji ikawakuta Wyoming mwezi wa kumi, watu zaidi ya 200 wakafa. Kuna binti wa miaka tisa, Nellie Pucell, alizika baba na mama njiani, miguu ikaganda kwa baridi ikakatwa chini ya magoti, akaishi akitembea kwa magoti, akaolewa akazaa watoto sita. Hapo ndo nikamwelewa mzee wa stoo. Ukiwa na mtu kama huyo kwenye ukoo utalalamikaje ugali umepoa?

Ila kilichonikamata ni sanamu nne zilizowekwa 2022. Watu weusi! Green Flake, Hark Wales na Oscar Smith, hawa walikuwa watumwa na walikuja na kundi la kwanza kabisa la 1847, yaani kuna mtu kavuka milima kutafuta uhuru wa dini ya bwana wake. Na wa nne ni Jane Manning James, yeye alizaliwa huru, Connecticut. Mwaka 1843 alitoka na ndugu zake kwenda mji wa Nauvoo, Illinois, kwa nabii wao Joseph Smith aliyeanzisha Umormoni, walipofika Buffalo wakakataliwa kupanda boti, wakatembea kwa miguu kama kilomita 1,300. Hiyo inapita Dar mpaka Mwanza aisee. Viatu vikaisha, nyayo zikapasuka zikawa zinatoa damu, wakapiga magoti wakaomba wakaendelea.

Huku Utah mwaka 1849 njaa ilikuwa kali, mama mzungu mmoja hana kitu ndani, Jane akampa ratili mbili za unga, nusu ya unga wote aliokuwa nao. Na huyo huyo Jane akawa anaandikia viongozi mwaka baada ya mwaka aruhusiwe ibada kamili za hekaluni, wanamkatalia kwa rangi yake. Mwaka 1894 wakamfanyia ibada ya kumuunganisha na Joseph Smith kama mtumishi wake milele, mtumishi!, na hata hiyo hakuruhusiwa kuingia, alisimama mtu mwingine badala yake. Akafa 1908 akiwa amesema imani yake ni ileile ya siku aliyobatizwa kama haijazidi. Marufuku hiyo kwa watu weusi imekuja kuondolewa 1978.

Dada Mkongo akasimama pale muda mrefu, akasema "huyu mama alikuwa na roho ngumu." Yeye anasali huko huko kwa Wamormoni, kwa hiyo mlango aliofungiwa Jane yeye anaingia. Mimi nikawa nawaza watoto wa Jane. Aliwazaa wanane, waliobaki hai siku anazikwa ni wawili tu, na wamekua wanaona mama anaomba anakataliwa. Mzee wa stoo imani ya bibi yake aliikuta mezani tayari imeandaliwa. Watoto wa Jane walikuta nini? Sina jibu, ila kwa macho yangu mwenye kurithi pale alikuwa huyu dada kutoka Uvira, hana nae hata tone la damu.

Nawapa nyota nne, ya tano kaila jua na jua sio lao. Nendeni asubuhi, anzeni na zile sanamu nne kabla watoto hawajaiona treni, wakishaiona basi tena. Jane kazikwa makaburi ya hapa hapa mjini, Jumamosi dada kasema twende na maua, safari hii nitavaa raba.