b4: viraka vya Linux vinafika vikiwa vizima

Kwa yeyote anayetuma viraka (mabadiliko ya programu, yanayotumwa kwa barua pepe) vya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, kutoka hapa Mombasa, napendekeza b4, programu ya Konstantin Ryabitsev. Kuisakinisha ni pip tu, kisakinishi cha programu za Python. Zamani nikitumia git send-email, amri ya kutuma viraka kwa barua pepe, na seva ya barua pepe ya kazini ilibandika tangazo la kisheria mkiani na kugeuza tabo kuwa nafasi tupu. Kiraka kikifika, hakiingii tena kwenye kodi (msimbo wa programu). b4 inaweza kupeleka kupitia wavuti, kwa hivyo seva ile siigusi kabisa.

Utamu wenyewe uko kwenye toleo la pili na la tatu la kiraka, unapokirekebisha na kukituma tena. b4 prep hutunza barua ya utangulizi ndani ya tawi la git unalofanyia kazi, nambari ya toleo hupanda yenyewe, na b4 trailers -u hukusanya kila Reviewed-by, mstari wenye jina la aliyekikagua kiraka, kutoka kwenye majibu. Hili nalithamini mno: mtu amekusomea kodi kwa hisani yake, jina lake likidondoka umemvunjia heshima.

Kusajili ufunguo wa sahihi, unaothibitisha kuwa mtumaji ni wewe, kunachosha kidogo. Vijana wangu wa Tudor nawaanzisha na b4 send --reflect, inayomrudishia mtumaji peke yake, waikague barua kabla haijawafikia wasimamizi.