Dumu la baba lilivyoitwa mbege: uzoefu wangu na maabara moja hapa Moshi

Nimekaa na hili jambo wiki kadhaa nikisubiri hasira ipoe. Haijapoa, naandika hivyo hivyo.

Baba yangu ana mayeloma, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho wa mifupa. Yuko kwenye dawa, na kila baada ya muda daktari anaagiza mkojo wa saa 24 ili ajue kama dawa zinafanya kazi. Siyo kale kakopo mnakokajua. Ule wa kwanza ukiamka unamwaga chooni na kuandika saa, halafu wote unaofuata unaingia kwenye dumu mpaka kesho yake saa ile ile, na huo wa asubuhi ya pili nao unaingia. Ukisahau mara moja tu, umeharibu, anza upya.

Sasa mfanyishe hivyo mzee wa miaka 70 na ushee ambaye mgongo unamuuma mpaka kuinuka kitandani ni safari. Na dumu linatakiwa likae kwenye baridi. Huku kwetu Pasua umeme ulikatika jioni, nikaenda kugonga kwa mama jirani anayeuza barafu, nikalisimamisha dumu ndani ya ndoo na kulifunika kanga. Baba ni mwalimu mstaafu. Kila alipokwenda aliandika kwenye daftari, "saa 9:20 usiku, kidogo", na mwisho akapiga mstari wa maka peni kwenye dumu pale mkojo ulipofikia.

Asubuhi nikapanda bajaji nimelipakata kama kichanga.

Binti wa mapokezi alilitazama, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Dada, umetuletea mbege?" Mbege, ile pombe yetu ya ndizi. Benchi zima likacheka. Nikamwambia taratibu kuwa ni mkojo wa saa 24, fomu ya daktari hii hapa. "Mwingi wote huo wa nini? Sisi tunataka kidogo tu." Akaita kijana wa ndani. Kijana akamimina kidogo kwenye kikopo bila hata kulitikisa dumu, na kabla sijafungua mdomo uliobaki ukaenda kwenye sinki. Niliusikia unavyobubujika. Usiku mzima wa baba yangu ule, na barafu ya watu.

Nusu saa baadaye nikapewa karatasi: "Protini: hakuna." Wamechovya kijiti, kile chenye visanduku vinavyobadilika rangi kwenye mkojo! Kile kisanduku cha protini kimebaki njano, wameridhika. Na pale penye "ujazo wa saa 24", peupe.

Kwa asiyejua: kijiti kinanasa zaidi albumini, protini ya kawaida ya damu. Protini ya mayeloma inayotoka kwenye mkojo ni vipande vidogo, minyororo myepesi, na kijiti kinaweza kuipita kisiione. Hata jina inalo la zamani, protini ya Bence Jones, yule daktari wa London aliyeichunguza miaka ya 1840. Ndiyo hiyo hiyo ikizidi inaziba figo. Inatakiwa itenganishwe kwa mashine, kisha ipigwe hesabu ya jumla kwa siku, na bila ujazo hesabu hiyo haipo. Daktari angeiona ile karatasi haraka haraka angeweza kudhani baba kapona! Au pengine asingedhani, ni mtu makini. Lakini je, angekuwa mwingine?

Nikarudi dirishani na nakiri nilipaza sauti. Hata kiti nilichokalia nilikisema, kilikuwa kimelegea mguu.

Ndipo akatoka mtaalamu wao mmoja mzee, miwani kichwani. Akasoma fomu kimya, akauliza, "Nani amemwaga?" Hakuna aliyejibu. Akaniambia, "Pole sana mwanangu, hili ni kosa letu." Nikamwonyesha mstari wa baba, nikamwuliza kama tukijaza maji mpaka hapo si tutapata ujazo? Akacheka kidogo. "Mzee ni mwalimu eh? Ujazo tungeupata. Lakini haukuchanganywa, na kikopo wameshakichovya." Akanipa dumu jipya, tukarudia bila kulipa.

Safari ya pili alilipokea mwenyewe. Akalipindua taratibu mara kadhaa, akamimina kwenye mtungi wenye vipimo, akainama mpaka jicho likalingana na mstari, akaandika 1,850. Sampuli ikapelekwa Dar. Majibu yalichukua siku zake, yakaja: protini imeshuka sana ukilinganisha na kipimo chake cha mwanzo kabisa. Daktari alisema dawa inashika, tuendelee.

Kwa hiyo nilikuja hapa kuwaambia msikanyage pale, na sasa naona nawaambia nendeni, ila mmuulizie yule mzee kwanza, na kama hayupo geuzeni na dumu lenu.

Hapana, ngojeni. Siku nafuata majibu yule binti aliniona mlangoni akasema, "Mama mbege karudi." Hata pole hakunipa. Nyota mbili, na zote ni za mzee.

Kipimo kingine ni karibuni. Baba ameshabandika karatasi kwenye dumu, kwa mwandiko wake wa ubaoni: MKOJO WA SAA 24. USIMWAGE.