Tairi pana nyuma kwenye rimu za kiwandani za Mark X 350S: uzoefu wangu

Nianze na jibu, maana najua kuna mtu anasoma hapa yuko dukani Gerezani na muuzaji ameshashusha tairi la 255 kutoka juu ya rafu. Kwenye Toyota Mark X 350S yenye rimu zake za inchi 18, nyuma panda hatua moja tu: kutoka 235/45R18 nenda 245/45R18 (namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana, ya mwisho ni inchi za rimu). Hiyo 255 achana nayo mpaka ubadilishe rimu. Faida ipo, ila ni ndogo kuliko inavyosimuliwa vijiweni, na kuna kitu mbele utakipoteza.

Gari langu ni GRX133, ile ya V6 lita 3.5 yenye injini ya 2GR-FSE. Nguvu farasi 318, zote zinakwenda tairi za nyuma. Wenye 250G ya lita 2.5, yenye farasi 203 na rimu za inchi 16, haya hayawahusu sana. Lile gari halina nguvu ya kuzishinda tairi zake kiasi cha kuhangaikia upana. Ila 350S masika yakianza Dar unalijua tabia yake. Taa za Mwenge zinawaka kijani, unagusa mafuta kidogo tu, nyuma inacheza, taa ya VSC (mfumo unaozuia gari kuteleza) inapepesa, injini inakatwa pumzi, na bodaboda anakupita huku anakutazama.

Tairi nilizozitoa zilikuwa 235 zilizokuja na gari kutoka Japani. Kashata, yaani michongo ya uso wa tairi, zilikuwa nazo za kutosha, ukiangalia kwa macho unasema bado. Lakini mpira ulishakauka, ukiubonyeza kwa ukucha haubonyei, na ubavuni kulikuwa na mipasuko midogo midogo kama nywele. Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wengi wanaotoa ushuhuda wa "nimeongeza upana, gari limetulia" wametoka kwenye tairi la namna hiyo kwenda tairi jipya, halafu sifa zote wanaupa upana. Mimi nilipata bahati ya kulinganisha. Shemeji yangu ana 350S vilevile, na tulinunua pamoja Michelin Pilot Sport 4. Yeye akafunga 235 kote, mimi nikafunga 235 mbele na 245 nyuma. Kwa hiyo ninaposema tofauti, nasema kati ya gari langu na lake, tairi moja, mpira uleule mpya.

Sasa kuhusu 255. Muuzaji aliing'ang'ania 255/40R18, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Tairi la kiwandani, 235/45R18, lina kimo cha milimita 668.7 kutoka juu hadi chini. 255/40R18 lina 661.2. 245/45R18 lina 677.7. Kwa hiyo ukiangalia kimo peke yake, 255 ndiyo iko karibu zaidi na ile ya kiwandani, na ndiyo pana zaidi. Ukiishia hapo unalipa na kuondoka.

Tatizo ni rimu. Chungulia nyuma ya rimu ya 350S, upande unaotazama breki, utaona imegongwa 18x8J. Yaani upana ni inchi 8. Tairi la 235/45R18 linakubali rimu ya inchi 7.5 hadi 9. 245/45R18 nalo ni 7.5 hadi 9. 255/40R18 linataka kuanzia 8.5 hadi 10. Ukililazimisha kwenye 8, litaingia, fundi atalijaza upepo, litakaa, na hutaona ajabu yoyote ukiwa umesimama mbali. Lakini kingo zake zimebanwa ndani, ubavu unatokeza kama shavu, na uso wake unabinuka katikati badala ya kulala bapa. Utakuwa na tairi linalogusa lami kwa katikati na kuliwa katikati, na kwenye kona ubavu unayumba kabla gari halijafuata usukani.

Na kuna jambo ambalo dukani hawalisemi kabisa. Ule upana ulioandikwa ubavuni hupimwa tairi likiwa limefungwa kwenye rimu maalumu ya kipimo. Kwa 255/40R18 rimu hiyo ni ya inchi 9. Kila ukipunguza nusu inchi ya rimu, tairi linapungua upana kama milimita 5. Ukiliweka kwenye 8 umeshatupa takriban milimita 10. Umelipia 255, unatembelea kitu kinachokaribia 245, tena kikiwa kimepinda. 245/45R18 yenyewe hupimwa kwenye rimu ya 8, rimu uliyonayo, na inakaa kama ilivyochorwa.

Kuna watakaokwambia basi chukua 255/45R18, maana hiyo rimu ya 8 inaikubali. Ni kweli inaikubali. Lakini kimo chake kinafika 686.7, karibu asilimia 2.7 juu ya tairi la mbele. ABS (mfumo unaozuia breki kufunga tairi) na VSC hufanya kazi kwa kulinganisha mwendo wa tairi zote nne. Tairi kubwa linazunguka polepole kuliko dogo, na ukizidisha tofauti, kompyuta inaanza kupata taarifa zisizoeleweka. Kwa 245/45 tofauti ni asilimia 1.3. Kwangu hakuna taa iliyowaka na VSC haijawahi kuingilia bila sababu. Mshale wa spidi nao haujapotoka kiasi cha kukuumiza: kama zamani ulikuwa unasoma 50 kamili, sasa 50 ya dashibodi ni kama 50.7 ya kweli. Trafiki mwenye tochi hatakukamata kwa hiyo.

Kufunga kwenyewe kulikwenda vizuri kwa sababu fundi alikuwa na subira. Ongezeko la milimita 10 kwenye rimu ileile linagawanyika, kama 5 ndani na 5 nje. Alifunga tairi moja kwanza bila kuligusa la pili, akaweka jeki chini ya mkono wa chini wa sospensheni, akainua mpaka tairi likazama ndani ya fenda kama gari limeshuka kwenye shimo na mzigo. Kisha akapitisha kidole kati ya tairi na shokapu, na kati ya tairi na mdomo wa fenda. Kilipita kote. Gari langu lina springi zake za asili. Kama la kwako limeshushwa, usichukue maneno yangu, mwambie fundi wako afanye hivyohivyo mbele ya macho yako. Hakikisha pia neno OUTSIDE lililoandikwa ubavuni limetazama nje. Pilot Sport 4 haichagui kulia wala kushoto, ila ndani na nje inachagua. Na soma tarakimu 4 za mwisho za DOT (namba ya utengenezaji iliyoko ubavuni) kabla halijapanda kwenye mashine: 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi "jipya" lililolala stoo miaka mingi linapoteza ulaini hata kama halijawahi kugusa lami.

Upepo ndio uliotaka uangalizi zaidi ya vyote. Mafundi wetu wengi hujaza kwa mazoea, psi 40 kote, na mteja akiuliza anaambiwa barabara zetu mbaya. Nilichukua chaki, nikachora mstari mnene kukatiza kashata kutoka bega hadi bega, nikaendesha kipande kifupi cha lami iliyonyooka, nikashuka kuangalia. Katikati chaki ilifutika, mabegani ilibaki nyeupe kabisa. Yaani milimita zote nilizolipia zilikuwa hewani. Nikashusha hadi namba iliyo kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, nikachora tena. Safari hii mstari ulifutika wote kwa usawa. Usishuke chini ya stika. Mimi sikuhitaji, na sioni sababu ya wewe kuhitaji. Chaki moja inauzwa bei gani?

Barabarani sasa. Kwenye lami yenye unyevu, kuondoka taa zikiruhusu, langu linashika mapema kuliko la shemeji. Si sana, ila tulipobadilishana magari asubuhi moja ya mvua, yeye mwenyewe alisema kabla sijamuuliza. Ukikanyaga ukiwa unatoka kona ya mzunguko, nyuma inakaa chini na kusukuma badala ya kuteleza. Kwenye lami kavu, nasema kwa moyo mweupe, mjini sioni tofauti. Kutoka lile tairi la zamani lililokauka kwenda jipya, tofauti ilikuwa ya usiku na mchana. Kutoka 235 mpya kwenda 245 mpya ni kipande kidogo tu juu ya hapo.

Maji yaliyotuama ni hadithi nyingine. Tairi pana lina uso mkubwa wa kuelea. Barabara ya Bagamoyo ikishapokea mvua ya nguvu na maji yakalala kwenye njia za magurudumu, usijione salama kwa sababu una 245. Kashata zikiwa na kina, maji yanapata pa kwenda. Zikiisha, upana unageuka adui, na tairi la 245 lenye kipara ni baya kuliko 235 yenye kipara.

Nilikopata na kulipia kwa pamoja ni Kitonga. Ukitoka Morogoro, ukapita Mikumi na Ruaha Mbuyuni, mlima unaanza na zile kona zilizokunjana, malori yanapanda kwa gia ya kwanza. Kupanda, nyuma ya gari langu ilikuwa tulivu mno. Unatoka kwenye kona, unafungua mafuta kulipita lori, gari linakwenda mbele tu bila kuuliza swali. Lakini kuingia kona ndiko nilikoona gharama. 350S lenye 235 kote linaingia kwa hiari. Ukiondoa mguu kidogo, nyuma inasaidia kugeuza. Langu sasa nyuma imeshika kiasi kwamba mbele ndiyo inayochoka kwanza, pua inataka kwenda moja kwa moja na inabidi uongeze usukani. Kwa mtu wa kawaida mwenye familia ndani hiyo ni tabia salama zaidi. Kwa anayependa gari lichezecheze, ataliona limekuwa zito. Shemeji ni wa kundi hilo la pili, na alinirudishia funguo Ilula akisema hataki.

Mengine ni madogo. Starehe haijabadilika. Kelele ziko palepale. Mafuta, 3.5 ni 3.5, aliyelinunua alishakubaliana na pampu.

Kinachokera ni kwamba huwezi tena kuzungusha tairi mbele kwenda nyuma. Shemeji anahamisha zake, anazila zote kwa usawa na atanunua nne kwa pamoja. Mimi naweza kubadilisha kulia na kushoto tu, na za nyuma zinaisha mapema kwa sababu ndizo zinazobeba farasi wote. Ukipata pancha ya nyuma safarini, tairi la akiba kwangu ni lile jembamba la muda, kwa hiyo ni kwenda polepole mpaka kwa fundi wa karibu na si vinginevyo. Na 245/45R18 usitegemee kuikuta kila mji. Beba dawa ya kuziba na pampu ndogo ya umeme.

Bei ya 245 ilizidi ya 235 kidogo tu, haikuwa sababu ya kufikiria mara mbili. Nimechora chaki tena juzi: mstari unafutika kote, na kina cha kashata za nyuma katikati na mabegani kiko sawa. Za mbele bado zina maisha marefu mbele yake. Hizi za nyuma zikiisha nitarudia 245 hiyohiyo, mbili tu.