Kanda za redio za zamani: duka la kuhamishia kwenye flashi, Kariakoo

Redio ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na makabati mengi jijini bado yana kaseti zilizorekodiwa toka redioni: taarabu, michezo ya kuigiza, salamu za Idi. Duka hili huzihamishia kwenye flashi, na kwa maandalizi halina mchezo.

Fundi hachomeki kaseti kabla ya kusafisha hedi, yaani kichwa cha deki kinachosoma utepe, na kigurudumu cha mpira kwa pamba yenye spiriti. Kisha huizungusha mbele na nyuma mara moja, ili utepe uliogandana kwa unyevu wa pwani uachane. Kile kisifongo kinachoukandamiza utepe kwenye hedi kikibanduka, sauti hufifia, mara ije mara ipotee; hapa hubandika kingine. Halafu skrubu ya pembeni mwa hedi huzungushwa kidogo kidogo hadi "s" isikike kali. Mafundi wengi kwingine huiruka hatua hii, ndiyo maana kazi zao hutoka kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Usipowaambia, wanahifadhi kwa MP3, faili iliyobanwa na kupunguzwa sauti fulani. Dai WAV, faili isiyobanwa, stereo, herzi 44,100, biti 16: kaseti ya dakika 90 itakula kama MB 950, kwa hiyo flashi ya GB 8 inabeba nane. Wakataze pia kuchuja kelele kupita kiasi, maana mvumo hauondoki peke yake, huondoka na pumzi ya mtangazaji. Kaseti za dakika 120 utepe wake ni mwembamba mno, hunaswa upesi. Hizo wasimamie mwenyewe.