Nakisi ya bajeti: pesa mpya za Benki Kuu au hatifungani?

Nakisi ya bajeti ni pengo linalobaki matumizi ya Serikali yakizidi mapato yake. Njia moja ya kuliziba ni kugeuza deni kuwa pesa, yaani Benki Kuu kuikopesha Serikali fedha ambayo jana haikuwapo. Si lazima noti zichapwe: akaunti ya Hazina huongezewa tarakimu, mishahara inalipwa, na akiba za benki za biashara zinafura. Ni njia ya haraka, na sehemu ya riba hurudi serikalini kama gawio. Balaa huja bidhaa zisipoongezeka sokoni: bei hupaa. Zimbabwe ilifikia kutoa noti ya dola trilioni 100 Januari 2009, na akiba za wastaafu ziliyeyuka. Ndiyo maana sheria ya Kenya huiwekea Serikali ukomo wa kukopa Benki Kuu: asilimia 5 ya mapato yake ya kawaida, kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa.

Hatifungani, yaani hati ya deni ambayo Serikali huwauzia watu na benki na kuwalipa riba, huhamisha pesa iliyopo tayari. M-Akiba, hatifungani ya Serikali ya Kenya ya mwaka 2017, ilianzia shilingi 3,000 kwa simu. Bei hazisukumwi sana, ila riba ikipanda, benki hukimbilia kuikopesha Serikali na kumwacha mfanyabiashara mdogo bila mkopo.

Kwa nakisi ya kila mwaka, chagua hatifungani. Benki Kuu izibe pengo la miezi michache tu, kodi zikichelewa.